Mashine za kupumulia pekee hazitoshi ICU

JAMAA anapolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wetu hukiita ICU, familia huuliza maswali mawili. La kwanza, je, mashine ya kupumulia ipo? La pili, ni pesa ngapi kwa siku? Maswali haya yana maana. Mashine ni chache, na katika hospitali za kibinafsi kitanda kimoja cha ICU huweza kumeza makumi ya maelfu ya shilingi kwa siku, hata jamaa wakaitisha harambee kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Lakini msomaji, kuna swali la tatu ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa, nalo mara nyingi huamua iwapo mgonjwa atarudi nyumbani. Swali lenyewe ni hili: hospitali hii inafanya nini kumkinga mgonjwa wetu asipate nimonia akiwa kwenye mashine?

Huenda ukashangaa. Mtu amefikishwa hospitalini, amewekwa mahali pa gharama kubwa kuliko pote, vipi tena augue mapafu akiwa humo? Ukweli ni kwamba maradhi hayo ni miongoni mwa hatari kubwa zinazomkabili mgonjwa wa ICU kote duniani. Na viini vinavyoyaleta siku hizi ni vile ambavyo vimezoea dawa zetu, vikazidharau.

Maoni yangu ni kwamba nchi hii imekuwa ikihesabu mashine na vitanda, na kusahau kuhesabu viini. Tusipobadilisha mtindo huo, tutanunua mashine zaidi na bado tutaendelea kuzika watu ambao wangepona.

Mikono ilitangulia mashine

Inafaa tukumbuke ICU ilivyoanza. Mwaka wa 1952 jiji la Copenhagen nchini Denmark lilivamiwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi, hasa watoto, walipooza misuli ya kupumua, na hospitali ilikuwa na mashine chache mno. Daktari mmoja wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alishauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mrija, na hewa isukumwe mapafuni kwa kufinya mfuko wa mpira kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana kufinya mifuko hiyo kwa majuma mengi. Vifo vilipungua sana, na kutokana na kazi hiyo ndipo wazo la ICU lilipozaliwa.

Ninalitaja hili kwa sababu moja. Tangu mwanzo, kilichookoa wagonjwa si chuma. Ni binadamu aliyeketi kando ya kitanda, akimwangalia mgonjwa mmoja bila kuondoka. Mashine zilikuja baadaye kupumzisha mikono ile, lakini hazikuja kuiondoa.

Mrija unavyofungua mlango

Mashine ya kupumulia haitibu ugonjwa. Kazi yake ni kusukuma hewa mapafuni wakati mwili umelemewa, ili madaktari wapate nafasi ya kutibu kile kilichomleta mgonjwa, kiwe ajali ya barabarani, kiharusi, sumu au upasuaji mkubwa. Ili hewa ifike, mrija wa plastiki hupitishwa mdomoni, ukashuka kooni hadi kwenye bomba la pumzi.

Mtu mwenye afya hujikinga bila hata kufikiri. Humeza mate, hukohoa, na vinyweleo vidogo sana katika njia ya hewa husukuma uchafu kuelekea juu. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kukohoa wala kumeza. Mate yake, yaliyojaa viini vya kinywani, hukusanyika juu ya kijiputo kinachozuia hewa isivuje kando ya mrija. Kisha huchuruzika kidogo kidogo hadi mapafuni.

Isitoshe, mrija wenyewe huota utando wa viini kwa ndani, mfano wa ule utelezi unaoota ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Hewa inaposukumwa, vipande vya utando huo hubebwa hadi ndani. Ndiyo sababu madaktari huitazama saa ya 48 kama mpaka: nimonia inayotokea zaidi ya saa 48 baada ya mrija kuingizwa huhesabiwa kuwa imetokana na mashine.

Kwa mujibu wa tafiti za nchi mbalimbali, kati ya wagonjwa 5 na 40 katika kila 100 wanaokaa na mrija zaidi ya siku 2 hupatwa na nimonia ya aina hii. Pengo hilo kati ya 5 na 40 ni kubwa mno. Linatokana kwa kiasi fulani na namna madaktari wanavyoutambua ugonjwa, na aina ya wagonjwa waliopo. Lakini pia linatuambia kwamba kuna vyumba vya ICU ambapo nimonia ni jambo la mara moja moja, na vingine ambapo imekuwa desturi.

Viini vyenyewe

Majina yao ni magumu kutamka, lakini wauguzi wetu wa ICU wanayajua kama wanavyojua majina ya jirani zao: Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter. Huyu wa mwisho ni mkaidi kupindukia. Anaweza kukaa hai kwa majuma kadhaa juu ya mahali pakavu, iwe ni reli ya kitanda, kitufe cha mashine, pazia au simu ya mkononi. Mgonjwa mmoja huondoka, kitanda hutandikwa upya, naye kiini hubaki akimngoja mwingine.

Mnamo 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka zaidi, na Acinetobacter aliyeshinda dawa za kundi la kabapenemu akawekwa katika daraja la juu kabisa la hatari. Orodha hiyo ilipopitiwa upya mwaka wa 2024, alibaki pale pale.

Kabapenemu ni dawa ambazo daktari huzishika wakati zile za kawaida zimeshindwa. Meropenemu ni moja yazo. Usidhani kwamba kushindwa kwake ni habari ya ng'ambo tu. Mwaka wa 2011 wanasayansi walichapisha ripoti kuhusu bakteria wa aina ya Klebsiella waliopatikana kwa wagonjwa waliolazwa jijini Nairobi kati ya 2007 na 2009. Bakteria hao walikuwa na jeni iitwayo NDM-1, ambayo huwapa uwezo wa kuzivunjavunja dawa za kabapenemu. Mwaka wa 2013 ikaripotiwa kuwa jeni hiyo hiyo imepatikana Nairobi ndani ya Acinetobacter. Hivyo basi, tumekuwa na onyo mezani kwa zaidi ya miaka kumi.

Kabapenemu inaposhindwa, daktari hurejea kwenye kolistini. Hii ni dawa kuukuu iliyoanza kutumika miaka ya 1950, kisha ikawekwa kando kwa kiasi kikubwa kufikia miaka ya 1970 kwa kuwa iliumiza figo. Leo tunairudia kwa kukosa pa kwenda. Na hata hiyo haiko salama. Mwishoni mwa 2015, watafiti nchini China walieleza kwamba wamegundua jeni ya kuishinda kolistini, ambayo bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, katika nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa pia. Nguruwe hao walikuwa wakilishwa dawa hiyo ili wanenepe, na China iliusimamisha mtindo huo mwaka wa 2017.

Kutoka duka la mtaani hadi kitandani

Utauliza, msomaji, hayo yananihusu nini mimi ninayeishi Umoja, Likoni au Kondele, ambaye hata ICU sijawahi kuingia?

Yanakuhusu sana. Unapopatwa na mafua ya kawaida na kukimbilia duka la dawa kununua vidonge vinne vya Amoxil kwa pesa za mfukoni, mafua yako hayasikii lolote, kwa maana yanaletwa na virusi, na dawa hiyo huua bakteria. Hata hivyo, dawa haikai bure. Hushuka tumboni mwako, ambamo mamilioni ya bakteria huishi bila kukudhuru. Wanyonge hufa, sugu hubaki, nao huzaana wakijaza nafasi iliyoachwa. Katika hali nzuri, baadhi ya bakteria hugawanyika kila baada ya dakika 20. Zaidi ya hayo, huazimana silaha, kwani mmoja akiwa na jeni ya kushinda dawa humpa jirani yake, hata asiye wa aina yake.

Huna homa, huna dalili, lakini umebeba bakteria sugu. Siku ukipata ajali na kulazwa, unaingia nao hospitalini. Mkono wa mhudumu ambaye hakunawa huwatoa kwako na kuwapeleka kwenye mrija wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Hiyo ndiyo safari ya kiini kutoka dukani hadi ICU.

Sheria ya famasia na sumu, Sura ya 244, inataka dawa hizi ziuzwe kwa cheti cha daktari. Kila mkazi wa mjini anajua jinsi sheria hiyo inavyofuatwa. Muuzaji hulaumiwa, naye ana makosa yake, lakini mara ngapi sisi wateja tunatoka dukani tukinung'unika tunapoelekezwa kwa daktari, tukaenda duka la pili? Aidha, wafugaji wa kuku wanaochanganya dawa kwenye maji ya vifaranga wazima ati kwa kinga, wanafanya kosa lile lile.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mnamo Desemba 1945. Alieleza kwamba ni rahisi kuwafanya viini wawe sugu katika maabara kwa kuwapa dawa isiyotosha kuwaua, na akahofia siku ambapo kila mtu ataweza kujinunulia dawa hiyo dukani. Siku hiyo imetufikia.

Kuna wanaoamini kwamba dozi ndefu zaidi ndiyo kinga. Utafiti umelirekebisha wazo hili. Mwaka wa 2003, matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika ICU 51 nchini Ufaransa, kwa wagonjwa 401 waliopata nimonia wakiwa kwenye mashine, yalionyesha kwamba waliotibiwa kwa siku 8 hawakufa zaidi ya wale waliotibiwa kwa siku 15, ingawa kwa baadhi ya viini vikaidi maambukizi yalirudi mara nyingi zaidi. Funzo kwako ni rahisi. Idadi ya siku ni ya daktari kupanga. Usikatize dozi kwa sababu umepata nafuu, wala usiongeze siku kwa sababu una wasiwasi. Vidonge vilivyobaki usivihifadhi kwa ajili ya jirani.

Kinga ya bei nafuu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha hoja yangu. Mambo yanayopunguza nimonia hii kwa kiwango kikubwa hayana bei ya kutisha.

La kwanza ni kunawa mikono. Mwaka wa 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake mjini Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wajawazito, na vifo vya kina mama vikapungua ghafla. Leo jambo hili halina ubishi. Muuguzi anapaswa kunawa au kujipaka dawa ya spiriti kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Hatuwezi kumlaumu iwapo bomba halina maji na chupa ya spiriti imekauka tangu Jumatatu.

La pili ni kuinua upande wa kichwani wa kitanda. Mwaka wa 1999 madaktari wa Barcelona, Uhispania, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wagonjwa 86 waliokuwa kwenye mashine. Miongoni mwa waliolazwa chali, 34 katika kila 100 walishukiwa kupata nimonia. Miongoni mwa walioinuliwa hadi nyuzi 45, walikuwa 8 katika kila 100. Siku hizi wataalamu hupendekeza nyuzi kati ya 30 na 45, mgonjwa asipokuwa na jeraha la kuzuia hilo. Kuinua kitanda hakugharimu hata shilingi moja.

La tatu ni kumpiga mgonjwa mswaki. Naam, mswaki huu huu wa dukani. Uchambuzi wa majaribio 15 uliochapishwa mwishoni mwa 2023 ulionyesha kwamba wagonjwa wa hospitalini waliosafishwa meno kwa mswaki walipata nimonia kwa kiwango cha chini kwa takriban thuluthi moja, na faida ilionekana hasa kwa wale walio kwenye mashine. Wale wa ICU walipungukiwa na vifo pia.

La nne ni kumwondoa mgonjwa kwenye mashine mapema iwezekanavyo, maana kila siku ya ziada ni siku ya viini. Mwaka wa 2000, majaribio yaliyofanywa Chicago kwa wagonjwa 128 yalionyesha kwamba dawa za usingizi zikisimamishwa kila siku ili mgonjwa aamke na kupimwa, muda wa kukaa kwenye mashine hushuka kutoka siku 7.3 hadi 4.9. Mgonjwa aliyeachwa amelala usingizi mzito siku nzima kwa sababu hakuna wa kumwangalia akiamka, analipia upungufu wa wafanyakazi kwa mapafu yake.

La tano ni maabara. Mgonjwa mahututi hawezi kungoja, na ni haki daktari aanze kwa dawa yenye nguvu usiku huo huo. Lakini makohozi yachukuliwe kwanza yapelekwe maabara, kiini kioteshwe, kijulikane kinauawa na dawa gani. Majibu yakija baada ya siku 2 au 3, dawa ipunguzwe, ibadilishwe au isimamishwe. Bila maabara daktari anapiga risasi gizani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2022, uliohusisha nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, uligundua kwamba kati ya maabara zipatazo 50,000, ni 1.3 kwa kila 100 tu zilizokuwa zikipima bakteria.

Ukiyatazama mambo haya matano utaona kwamba yote yanahitaji mtu. Mtu wa kuinua kitanda na kuhakikisha hakijateremshwa tena. Mtu wa kupiga mswaki, kunyonya makohozi na kukaa na mgonjwa anapoamshwa. Kipimo kinachokubalika ni muuguzi 1 kwa mgonjwa 1 aliye kwenye mashine. Muuguzi anayekimbia kati ya vitanda vinne hana muda wa kunawa kila mara, hata awe mwadilifu namna gani.

Tuhesabu nini?

Mwaka wa 2020, corona ilipobisha hodi, watafiti walipiga hesabu wakakuta Kenya ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia, na kwamba kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na angalau ICU moja. Hofu ikatanda, na mbio za kununua mashine zikaanza. Magavana walipigwa picha wakizizindua. Sipingi hata kidogo, kwani watu walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi.

Lakini corona hiyo hiyo ilitufunza jambo la pili ambalo hatukulisikia sana. Wagonjwa wake waliowekwa kwenye mashine walipatwa na nimonia ya bakteria kwa wingi kuliko ilivyozoeleka. Na dawa za bakteria zilimwagwa ovyo. Mwaka wa 2024 WHO ilieleza kwamba kati ya wagonjwa wa corona waliolazwa duniani, 8 tu katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya bakteria, ilhali wapatao 75 katika kila 100 walipewa dawa za bakteria.

Matunda yake tunayaona. Ripoti ya WHO ya Oktoba 2025 inasema kwamba mwaka wa 2023, maambukizi 1 kati ya 6 yaliyothibitishwa na maabara duniani yalikuwa ya bakteria sugu. Katika kanda ya Afrika yalikuwa 1 kati ya 5. Mwaka wa 2019 peke yake, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria sugu moja kwa moja.

Serikali haijalala kabisa. Sera ya taifa na mpango wa kwanza wa kupambana na usugu wa dawa vilitolewa mwaka wa 2017, na mpango wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Septemba 2024 mataifa yaliyokutana katika Umoja wa Mataifa yaliahidi kwamba kufikia 2030 vituo vyote vya afya viwe na maji na usafi wa kimsingi. Karatasi ni nzuri. Kinachokosekana ni mwananchi kuweza kuona kama yaliyoandikwa yanatendeka katika hospitali ya kaunti yake.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Kila hospitali yenye ICU, ya umma na ya kibinafsi, ihesabu nimonia zinazotokana na mashine kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kwenye mashine, kipimo ambacho hospitali nyingi duniani hutumia, na itangaze hesabu hiyo kila mwaka. Kaunti inapotenga pesa za mashine mpya, bajeti hiyo hiyo ionyeshe wauguzi wa kuiendesha, maji, sabuni na maabara. Na mamlaka ya bima ya afya, SHA, inayolipia ICU, idai hesabu hizo kabla ya kulipa.

Najua wakuu wa hospitali watateta. Watasema kwamba hospitali ya rufaa inayopokea majeruhi wabaya zaidi itaonekana mbaya kuliko hospitali ndogo yenye wagonjwa wepesi, na kwamba wengine wataficha hesabu ili wasiaibike. Hoja hizo zina uzito. Kwa sababu hiyo, hospitali ilinganishwe kwanza na yenyewe: mwaka huu dhidi ya mwaka jana. Inayopanda ijieleze, inayoshuka isifiwe. Kuficha hesabu ni hatari, lakini kutohesabu kabisa, kama ilivyo desturi katika hospitali nyingi, kunaficha zaidi.

Jamaa wafanye nini?

Ukiwa na mgonjwa ICU, nawa mikono unapoingia na unapotoka. Usiketi juu ya kitanda, usiguse mrija, na simu yako iache mfukoni. Ukiwa na mafua, baki nyumbani.

Kisha uliza, kwa heshima. "Sista, tunaomba kujua, kichwa cha kitanda chake kimeinuliwa ipasavyo?" "Anapigwa mswaki mara ngapi kwa siku?" "Daktari, mmempima leo kuona kama anaweza kutolewa mrija?" "Makohozi yalipelekwa maabara? Majibu yalisema nini?" Usiulize kama askari. Wauguzi wengi wanayajua haya kuliko mimi na wewe, na wengi watafurahi kwamba familia inajali jambo wanalolipigania kila siku bila msaada. Ukijibiwa kwamba hakuna maji au hakuna vifaa, lalamiko lako lisiishie kwa muuguzi huyo. Lipeleke kwa msimamizi wa hospitali na kwa mwakilishi wako wa wadi, ambaye ndiye anayepitisha bajeti ya afya ya kaunti.

Na usishinikize dawa "kali zaidi". Daktari anapokwambia kwamba mgonjwa hahitaji kuongezewa dawa, huenda ndiye anayemtakia mema kuliko wote chumbani.

WHO inakadiria kwamba hatua kama za kunawa mikono na taratibu nyingine za usafi zinaweza kuzuia asilimia 70 ya maambukizi yanayopatikana hospitalini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu unazibwa kwa sabuni, mswaki, muuguzi wa kutosha na cheti cha daktari. Mara nyingine kaunti yako ikialika watu kushuhudia uzinduzi wa mashine mpya, nenda, pigeni makofi, kisha inua mkono uulize kama bomba la chumba hicho lina maji.